Nikibandika tagi za RFID kwenye vipuri vya magari yangu, wizi utakoma?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Nina magari tisa ya kubeba wanafunzi hapa Tabata, Dar es Salaam: Coaster tatu na Hiace sita. Toka mwaka uanze nimenunua betri tatu na saitimira nne, na juzi nimeambiwa matairi mawili ya Coaster yamekwisha wakati niliyafunga mapya miezi michache tu iliyopita. Hakuna gari lililovunjwa hata moja. Kuna kijana ananiuzia vibandiko vya RFID, shilingi elfu tatu kimoja. Anasema nikivibandika kwenye kila kipuri, mwizi akigusa tu simu yangu italia, na nitakiona kipuri kilipo popote Tanzania. Anataka nusu ya malipo kwanza. Je, nimlipe?"

Marahaba, dada yangu. Usimlipe. Alichokuahidi ni kazi za vifaa vitatu tofauti, amezikusanya zote kwenye kibandiko kimoja, na kibandiko cha namna hiyo hakipo kwa elfu tatu wala kwa laki tatu. Lakini swali lako lina jambo la maana ndani yake, na tagi zina nafasi yake kwenye magari yako. Nitakueleza kwa urefu ili akija mwingine kesho na maneno kama hayo uwe na la kumuuliza.

Tuanze na kitu unachokijua. Ukivuka kwenda Kigamboni unagusisha N-Card kwenye mashine na geti linafunguka. Ndani ya kadi ile hakuna betri. Kuna chipu ndogo sana na uzi wa antena uliozungushwa ndani ya plastiki. Mashine inarusha mawimbi, antena inayanasa, chipu inapata umeme kidogo wa kuiamsha, inataja namba yake, halafu inalala tena. Ukishaitia kadi kwenye mkoba na kupanda kivuko, haina pa kupata nguvu na haimwambii mtu yeyote chochote.

Vibandiko vya RFID ni ndugu wa kadi hiyo. Tofauti kubwa iko kwenye masafa. Kadi za aina ile hutumia megahezi 13.56 na husomwa kwa sentimita chache tu. Vibandiko vingi vinavyouzwa kwa ajili ya maghala na magari hutumia masafa yaliyo kati ya megahezi 860 na 960, na skana nzuri ikiwa na njia wazi mbele yake huvisoma kwa umbali wa mita kadhaa, hata kufikia mita kumi hivi. Nje ya hapo ni kimya kabisa. Betri yako ikiwa stoo ya mtu Mbagala na wewe uko Tabata na simu mkononi, hakuna njia yoyote ya vitu hivyo viwili kuzungumza. Kibandiko hakina betri, hakina laini ya simu, hakina GPS. Kwa hiyo "simu italia mwizi akigusa" ni uongo, na "utakiona popote Tanzania" ni uongo mkubwa zaidi.

Sasa nirudi kwenye sentensi moja uliyoiandika kwa kupita tu: hakuna gari lililovunjwa hata moja. Mimi ningeipigia mstari sentensi hiyo. Mwizi wa barabarani huacha alama: waya umekatwa, plastiki imepasuka, kioo kimeng'olewa na kipande kimebaki. Kwako vitu vinapungua kimyakimya, na tairi jipya linazeeka ndani ya miezi michache. Kinachotokea mara nyingi kwenye hali kama hiyo ni kubadilishwa. Tairi lako jipya linaingia kwenye gari la mtu mwingine, lake chakavu linarudi kwako. Betri nzima inatoka, iliyochoka inaingia, na asubuhi gari linapogoma unaambiwa betri imekufa. Simtuhumu dereva wako, na nakuomba na wewe usianze kumtuhumu. Gari hupita mikononi mwa watu wengi: fundi umeme, fundi wa matairi, mwosha magari, mlinzi wa maegesho, msaidizi wa gereji aliyeachiwa funguo kwa muda wa saa mbili. Unachojua kwa sasa ni kwamba kitu kinabadilishwa na hujui ni siku gani. Ukiijua siku, utakuwa umeshajua mengi.

Na hapo ndipo tagi inapofaa. Haimshiki mwizi, lakini inakwambia mapema kwamba kilichopo leo kwenye gari sicho kilichokuwepo jana.

Kabla sijaingia kwenye mambo ya tagi, nilikuwa fundi umeme wa magari kwa miaka mingi, na kazi hiyo ilinifundisha jambo moja: chipu huzuia wizi pale tu panapokuwa na kitu cha kukataa. Chukua ufunguo wa gari la kisasa. Kichwani mwake mna chipu isiyo na betri, na kuzunguka swichi ya kuwashia kuna antena. Ukichonga ufunguo mwingine usio na chipu, utazunguka vizuri tu, lakini kompyuta ya injini itakataa na gari halitawaka. Ndiyo immobilaiza. Uingereza ililazimisha kila gari jipya la abiria liwe nayo tangu Oktoba 1998. Hapo RFID inazuia wizi kweli, kwa sababu nyuma ya chipu kuna injini inayosema hapana. Volkswagen na Audi walisogea mbele zaidi: baadhi ya redio na kontroli boksi zao, ukizihamishia gari jingine, zinagoma mpaka zifunguliwe kupitia mfumo wa kampuni.

Saitimira haigomi. Betri haigomi. Tairi litazunguka kwenye gari la yeyote. Ukibandika tagi juu yake, mwizi ataling'oa, atalipeleka sokoni, na mnunuzi hana skana ya kumuuliza tagi ni ya nani. Hata angekuwa nayo, angeona namba ndefu isiyomwambia kitu. Spea nyingi za mtumba zinazouzwa Gerezani na Shaurimoyo zimeingia kihalali kwa kontena kutoka Japani, Dubai na Sharjah, na hazina tagi wala karatasi ya kila kipuri kimoja kimoja. Muuzaji mwaminifu aliyeletewa saitimira moja hana namna ya kuitenga na zile mia alizonazo.

Nchi zilizojaribu kuweka alama kwenye vipuri zililijua hilo mapema, na nyingi hazikuanza na redio. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1984, na kuanzia modeli za 1987 magari yaliyokuwa yanaibwa sana yakaanza kuwekewa namba kwenye injini, giaboksi, milango, boneti, bampa na sehemu nyingine kubwa. Afrika Kusini, kwa magari yanayosajiliwa mara ya kwanza tangu Septemba 2012, inataka mikrodoti: vinukta vidogo vyenye ukubwa wa punje ya mchanga, vinavyopuliziwa kwa wingi sehemu mbalimbali za gari, kila kimoja kimeandikwa namba inayosomeka kwa kioo cha kukuzia. Mwizi hawezi kuvikwangua vyote. Lakini angalia kinachoipa nguvu ile alama: kuna rejesta, na kuna polisi mwenye kazi ya kutazama. Bila hivyo viwili, kinukta ni uchafu tu kwenye rangi.

Sisi tuna kitu chetu cha kienyeji ambacho nakiheshimu sana: kuchora namba ya gari kwenye vioo na taa. Wengine wanaona kinaharibu sura ya gari. Mimi naona ni ulinzi bora kwa bei yake kuliko tagi yoyote dhidi ya mwizi wa kwenye foleni, kwa sababu mwizi anaiona kabla hajanyoosha mkono, na mnunuzi anaiona kabla hajatoa hela. Tagi iliyofichwa haimtishi mtu asiyejua kwamba ipo. Kwenye saitimira, mwambie mchoraji achore kioo na pia gamba la plastiki kwa ndani. Wanaoiba wamejifunza kutupa kioo chenye namba na kuuza gamba pamoja na mota yake.

Basi, kwa wizi wa barabarani: chora namba, egesha penye mwanga na mlinzi, na pesa ya tagi iweke. Kwa vitu vinavyobadilishwa, ambavyo ndivyo naona vinakuumiza, tuendelee.

Nikupe picha ya jinsi tagi inavyofanya kazi ikikutana na gari halisi, maana wauzaji huonyesha mezani tu. Yadi ya kwanza niliyofungia tagi nilinunua za karatasi, za kubandika kwenye maboksi ya bidhaa. Nilizijaribu ofisini, skana ikalia ti, ti, ti, kila moja ikasomeka. Nikaenda nikabandika rimu zote, mabano ya betri, mpaka kwenye vifuniko vya injini. Jioni nikazunguka na skana. Kimya. Nikadhani skana imeharibika. Nikachukua tagi moja kutoka mfukoni nikaishika hewani, ikalia. Nikaigusisha kwenye rimu, ikanyamaza. Pale chini palikuwa na ndala iliyokatika. Nikakata kipande cha soli, unene wa kama kidole, nikakiweka katikati ya tagi na chuma. Ikalia tena.

Chuma hurudisha mawimbi na kuivuruga antena iliyolala juu yake. Ukiipa nafasi ya milimita kadhaa, inapumua. Ndiyo maana kuna tagi maalumu za kubandika kwenye chuma, zenye mgongo mnene uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Bei yake ni dola moja hadi nne au zaidi kwa kila moja, kutegemea aina na idadi, wakati zile za karatasi ni senti chache za dola zikinunuliwa kwa maelfu. Kijana wako akikuuzia ya karatasi kwa elfu tatu, amekuuzia kitu ambacho kwenye rimu hakitasema neno.

Maji nayo ni adui, ila kwa njia nyingine: yanayameza mawimbi. Mwili wa mtu ni maji mengi. Ukiibana tagi kwenye tumbo chini ya shati, skana ya getini inaweza kukosa kuiona. Karatasi ya aluminiamu ya kufungia chakula inaifunika kabisa. Nakuambia haya ili usije ukaamini kwamba geti lenye skana ni ukuta. Anayejua atapita. Linafaa kugundua makosa na kuzuia wale wasiojua.

Joto pia. Tagi za kawaida nyingi huvumilia mpaka nyuzi 85 hivi. Kwenye injini tafuta sehemu iliyo mbali na eksozi. Kwa masega, yale ya kusafisha moshi ndani ya bomba la eksozi, usihangaike kabisa. Masega hufanya kazi kwenye mamia ya nyuzi joto, gundi yoyote itaungua. Tena anayeyaiba hahitaji kuyafunga kwenye gari jingine. Ndani mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na rodiamu ilipita dola 25,000 kwa aunsi mwaka 2021. Yanapondwa, yanayeyushwa, na alama yako inayeyuka nayo. Dawa ya masega ni kusimama mwenyewe, au mtu wako unayemwamini, pale fundi eksozi anapoingia chini ya gari, na kudai uone kilichotoka.

Sasa masafa, jambo ambalo wauzaji wengi wa kwenye mtandao hawalijui. Skana za kule Marekani hutumia megahezi 902 hadi 928. Za Ulaya hutumia 865 hadi 868. Sisi Afrika Mashariki tuko kundi moja na Ulaya kwenye mgawanyo wa dunia wa masafa, na kipande cha 880 hadi 915 kwetu ni njia ya simu za mkononi kuongea na mnara. Ukileta skana ya Kimarekani ikawa inapiga kelele getini kwako, unaweza kuvuruga mawasiliano ya majirani na kujiingiza kwenye matatizo. Muulize muuzaji: skana hii imewekwa masafa ya Ulaya? Imeidhinishwa na TCRA? Asipoelewa swali, umeshapata jibu.

Kuna jambo jingine la ndani ya tagi ambalo nataka ulishike. Tagi hizi zina namba mbili. Moja inaandikwa na kufutwa, na ndiyo wauzaji wengi wanayokuonyesha. Nyingine imechomwa kiwandani na haibadilishiki, inaitwa TID. Mtu mwenye skana ya kuandikia anaweza kunakili ile ya kwanza kwenye tagi tupu, akabandika kwenye betri chakavu, na skana yako ikaridhika. Kwa hiyo kwenye daftari andika TID. Na kama hakuna aliyeweka nywila kwenye tagi, yeyote mwenye kifaa anaweza kubadilisha ile namba ya kwanza. Mfungaji anayejua kazi atakuuliza nywila unataka itunzwe na nani. Jibu ni wewe, si yeye.

Tupige hesabu ya kwako. Coaster ina matairi sita na la akiba la saba, mara tatu ni 21. Hiace ina manne na la akiba, mara sita ni 30. Jumla matairi 51. Betri: kama Coaster zako ni za dizeli za volti 24, kila moja ina betri mbili, hivyo sita, na Hiace sita zenye betri moja moja, jumla 12. Saitimira 18. Vitu 81. Skana ya mkononi ya masafa haya marefu, iliyo ya kuaminika, ni mamia ya dola, nyingine zinapita elfu. Kununua skana ya bei hiyo kwa vitu 81 ambavyo unaweza kuvizunguka kwa miguu ndani ya yadi moja, mimi sikushauri. Mwenye malori arobaini, stoo ya spea na geti moja la kuingilia, huyo ningemwambia anunue. Wewe bado.

Ningefanya hivi ningekuwa wewe.

Matairi kwanza, maana ndiyo pesa kubwa. Matairi mengi yana maandishi ubavuni yanayoanza na DOT, na tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka lilipotengenezwa. 1424 maana yake wiki ya 14 ya mwaka 2024. Chukua tochi, lala chini kama inabidi, uandike maandishi yote ya DOT ya kila tairi na lilipo: Coaster ya kwanza, nyuma kushoto, la ndani. Wakati mwingine tarakimu hizo ziko ubavu wa ndani, na utalazimika kulivua. Hii ni bure, na inatosha kuonyesha tairi la 2024 lilipogeuka la 2019. Halafu tafuta fundi wa kuchoma namba kwa chapa ya moto ubavuni. Wenye malori wanaifanya siku nyingi. Chapa iwe ya juujuu, isifike milimita moja, na isiguse sehemu inayokanyaga barabara wala ile inayokaa kwenye rimu. Tagi za ndani ya tairi zipo. Michelin huziweka kiwandani kwenye matairi yake mengi, na zipo za kubandika kwa ndani kama kiraka. Ni nzuri sana, ila zinahitaji ile skana ya bei, na fundi mwenye mkono safi, kwa sababu kiraka kilichobandikwa vibaya ndani ya tairi linalobeba watoto ni hatari. Subiri.

Betri na saitimira, tumia tagi za NFC. Hizi ni za familia ya N-Card, megahezi 13.56, na zinasomwa na simu. Huhitaji skana. Ingia kwenye mipangilio ya simu yako utafute neno NFC. Simu nyingi za bei ya chini hazina, lakini za bei ya kati nyingi zinayo. Nunua zile zenye mgongo wa kuzuia chuma, na ziwe za aina inayochanika ukijaribu kuibandua, ili mtu asihamishe tagi kutoka betri mpya kwenda kwenye kuukuu. Juu yake pitisha tabaka jembamba la gundi ngumu. Kwenye betri weka ubavuni karibu na juu, mbali na vichwa vya waya. Usifikiri kwamba kwa kuwa boksi lake ni plastiki tagi ya kawaida itafaa. Nyuma ya ile plastiki kuna risasi na maji ya asidi. Kwenye saitimira weka ndani ya gamba la plastiki, isomwe kutokea upande wa plastiki. Kioo chenyewe kina tabaka la chuma kwa nyuma, mawimbi hayapiti.

Halafu daftari. Najua watu hupenda programu za simu, na zipo, lakini mimi naamini daftari gumu la kaunta lenye kurasa zilizohesabiwa. Kila gari kurasa mbili: namba ya gari, namba ya chesesi, kila kipuri, namba ya tagi, picha ilipigwa lini, kilinunuliwa wapi, risiti iko faili gani. Kikibadilishwa kihalali, mstari mmoja, tarehe, sababu, sahihi ya dereva na yako. Siku ya kwanza itakuchosha. Baada ya hapo, kila jioni magari yakirudi, mtu mmoja anazunguka na simu: anagusa betri, anagusa saitimira kushoto na kulia, anatazama chapa za matairi. Gari moja halizidi dakika tatu akishazoea. Afadhali awe anabadilishwa, wiki hii huyu wiki ijayo mwingine, na wewe mwenyewe ushuke mara moja kwa wiki bila kusema siku gani. Usiangalie matairi ya nje tu. Kwenye Coaster, lile la ndani nyuma ndilo hubadilishwa, kwa sababu halionekani.

Siku tagi isiposomeka, kabla ya kumwita mtu mwizi, jaribu tena ukiwa umefuta tope. Kisha tazama picha. Kama kipuri sicho, unajua kimetoka kati ya jana jioni na leo jioni, na ratiba ya gari la siku hiyo unayo: lilienda wapi, liliingia gereji gani, lililala wapi. Hapo mazungumzo na dereva ni ya heshima, kwa sababu unamuuliza kuhusu siku moja, si kuhusu tabia yake.

Na ukikikuta kipuri chako dukani kwa mtu? Usikinyakue, usipige kelele. Nenda kituoni, fungua jalada, pata RB, urudi na askari. Kupokea mali ya wizi ukijua ni ya wizi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, lakini mahakama zetu hudai kwanza mwenye mali aitambue bila shaka, kwa alama maalumu, na kuonyesha kwamba iliibwa karibuni. "Naitambua betri yangu, ni nyeusi ina mfuniko mwekundu" haisimami. "Kabla hamjaigusa, namba ya tagi iliyo ubavuni ni hii, hii hapa risiti, na hii hapa picha ya tarehe fulani" inasimama. Kwa hiyo taja namba kutoka kwenye daftari mbele ya askari kabla simu haijagusa betri. Utaratibu huo mdogo una uzito mkubwa kuliko tagi yenyewe.

Umeuliza pia kuhusu kuona kitu kilipo. Kwa gari zima, GPS yenye laini ya simu inafaa, na ingekuwa na faida kwako hata bila wizi. Kwa betri za Coaster, ambazo ni ghali na zinatoka mbili kwa pamoja, unaweza kuficha kifaa cha Bluetooth kama AirTag au zile zinazofanya kazi na Android. Hizi zina betri ndogo, na huonekana kupitia simu za watu wanaopita karibu. Fahamu mambo matatu kabla hujanunua. Kwanza, AirTag hutegemea iPhone zilizo karibu, na mitaa yetu imejaa Android, basi chagua ya Android. Mtandao wa Google unaovitafuta vifaa hivyo vya Android, usipobadilisha mpangilio, huonyesha kitu pale tu simu kadhaa zilipokiona. Kariakoo kitaonekana, uchochoroni usiku huenda kisionekane. Pili, AirTag imetengenezwa kwa joto lisilozidi nyuzi 60, kwa hiyo juu ya dashibodi kwenye jua la Dar si mahali pake. Tatu, simu za siku hizi humwonya mtu akiwa anatembea na kifaa kisicho chake. Mwizi ataonywa, na dereva wako mwaminifu naye ataonywa kila siku mpaka aogope. Mwambie mapema, kwa maandishi, kwamba gari lina kifaa, kinarekodi nini, na nani anaona. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na mahali alipo mtu ni taarifa yake. Na kwa kuwa wewe unabeba watoto, nakusihi jambo moja zaidi: usitupe ramani ya moja kwa moja ya magari yako kwenye kundi la WhatsApp la wazazi mia tatu. Mzazi mmoja mmoja akikuuliza mwanawe kafika wapi, mjibu yeye.

Wakati haya yote yanaendelea, mwambie fundi achomelee kreti ya chuma yenye kufuli kwa kila betri ya Coaster. Hilo lifanye wiki hii.

Kama bado kijana yule anakubana, mkaribishe nyumbani. Mpeleke kwenye Coaster, si mezani. Mwambie abandike kibandiko chake kwenye rimu ya nyuma, ya ndani, na akisome akiwa amesimama. Kisha kwenye betri injini ikiwa imetoka kuzimwa. Kisha mwambie aondoke nacho kwa pikipiki mpaka Buguruni akupigie, na wewe umwonyeshe simu yako jinsi ilivyolia. Vikisoma vyote na simu ikalia, mlipe mara mbili, na mimi nitakuja kujifunza kwake.